Kwa Nini Tulipe Ada? Somo la Chuo Kikuu kwa Mchuma Chai



Katika mkutano wetu mmoja hapa Kanzenze, mama mmoja mchuma chai alisimama akauliza swali. Alisema hivi: "Ndugu, mashirika yanakuja hapa kutufundisha usafi, lishe na kuweka akiba. Hayatutozi kitu. Tena yanatupa pesa ya tike na Fanta. Ninyi wa sendika mnakuja kututaka ada. Kwa nini tulipe kwenu, na kwao tunapewa?"

Watu walicheka, wengine wakapiga makofi. Mimi nilijibu kwamba umoja ni nguvu, kisha nikapita kwenye ajenda iliyofuata. Lakini nilipokuwa njiani kurudi nyumbani nilijua kwamba sikumjibu. Mtu anayeuliza habari ya faranga zake hajibiwi kwa methali.

Jibu nililipata mahali ambapo sikutegemea. Binti wa jirani yangu anasoma chuo kikuu. Alipokuja likizo alikuwa na daftari la somo moja ambalo jina lake lilinishangaza: mashirika yasiyo ya faida na jamii ya kiraia katika nchi zilizoachana na ukomunisti. Mimi niliishia shule ya msingi, kwa hiyo tulisoma polepole, yeye akieleza na mimi nikiuliza. Kadiri tulivyoendelea niliona kwamba somo lile linahusu swali la yule mama. Nimeona yafaa niwaeleze ndugu zangu wa mashamba na viwanda yale niliyoyaelewa.

MANENO YENYEWE

Tuanze na maneno, maana maneno makubwa huwafukuza watu.

"Jamii ya kiraia" ni vyama vyote ambavyo watu huviunda wenyewe, nje ya nyumba zao, nje ya ofisi za serikali na nje ya biashara. Sendika imo, kwaya imo, chama cha wajane kimo, timu ya mpira ya kijijini imo. Hata ikimina, ambapo akina mama wanachanga kila wiki na kupokezana, kimo humo.

"Shirika lisilo la faida" halina maana ya shirika maskini. Laweza kuwa na majengo na magari. Maana yake ni kwamba fedha zikibaki mwishoni mwa mwaka, hakuna mwenyewe wa kuzitia mfukoni. Zinarudi kufanya kazi ya shirika. Kampuni ya chai ikipata faida inawagawia wenye hisa. Sendika ikibakiwa na fedha inaziweka kwa ajili ya kesi ya mwaka ujao.

"Nchi zilizoachana na ukomunisti" ni zile za Ulaya ya Mashariki na Urusi, ambazo zilitawaliwa na chama kimoja cha kikomunisti mpaka miaka ya 1989 hadi 1991. Huko kila kitu kilikuwa chini ya chama hicho: sendika, vyama vya vijana, vyama vya wanawake, hata vyama vya waandishi. Somo la namna hii halikuweza kufundishwa huko kwa uhuru. Baada ya 1989 vyuo vikuu vya nchi hizo na vya Marekani vilianza kuuliza: vyama vya watu vinazaliwaje upya mahali ambapo kwa miaka 40 au zaidi vilikuwa vya serikali? Kwa nini vingine vinaishi na vingine vinakufa?

SIFA TANO

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 profesa mmoja wa Marekani, Lester Salamon wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, alikusanya wenzake wa nchi nyingi ili wahesabu mashirika ya namna hii ulimwenguni. Profesa huyo alifariki mwaka 2021. Hungaria ilikuwa mojawapo ya nchi walizochunguza. Walikubaliana sifa 5. Mimi nimezipima kwa mambo ya hapa kwetu.

Ya kwanza, lazima pawe na mpango. Wachumaji wakikusanyika kwenye mizani na kunung'unika kwamba kilo zimepunjwa, hicho si chama. Wakikutana tena mwezi ujao, wakachagua mwenyekiti na kufungua daftari, hapo chama kimeanza.

Ya pili, kisiwe sehemu ya serikali. Umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni kazi njema ya taifa, lakini si chama.

Ya tatu, kisigawie watu faida, kama nilivyokwisha kueleza. Kwa sababu hii maprofesa wengi huuweka kando ushirika wa kibiashara, maana ushirika hugawa ziada kwa wanachama. Kwetu sisi ushirika ni ndugu wa sendika, lakini ni vizuri kujua tofauti.

Ya nne, kijitawale. Viongozi wachaguliwe na wenye chama, na maamuzi yatoke ndani.

Ya tano, kiwe cha hiari. Mtu aingie kwa kutaka, na akitaka kutoka atoke.

Katika orodha yao sendika zimo. Kwa hiyo mfanyakazi asione kwamba "jamii ya kiraia" ni watu wa warsha za hotelini tu. Tawi la wachuma chai wenye daftari moja na mweka hazina mmoja ni jamii ya kiraia kamili, iwapo tu lina sifa hizo 5. Na katika hizo, ya nne na ya tano ndizo zilizowaua wengi. Tutazame.

WAFANYAKAZI WA POLAND

Nchi ya Poland ilikuwa na sendika za serikali. Kiongozi wa sendika kiwandani alikuwa rafiki wa meneja, na kazi yake kubwa ilikuwa kugawa nafasi za mapumziko na kuhimiza uzalishaji. Mwezi Juni 1976 serikali ilitangaza kupandisha bei ya vyakula. Wafanyakazi wa mji wa Radom na wa kiwanda cha matrekta cha Ursus waligoma. Walipigwa, wengi wakafukuzwa kazi, wengine wakafungwa. Sendika yao haikusema neno.

Mwezi Septemba mwaka ule ule watu wachache wenye elimu walianzisha kamati ya kuwatetea wafanyakazi, iliyojulikana kwa kifupi kama KOR. Walichanga fedha kwa ajili ya familia za waliofungwa, wakawatafutia mawakili, wakaandika magazeti ya siri. Hivyo msomi na mfanyakazi walianza kujuana.

Mwezi Agosti 1980, katika kiwanda cha meli cha Gdańsk, mama mmoja mwendesha kreni, Anna Walentynowicz, alifukuzwa kazi ikiwa imebaki miezi michache tu apate pensheni. Tarehe 14 Agosti wenzake waliacha kazi. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Lech Wałęsa, fundi umeme ambaye naye alikuwa amefukuzwa hapo kabla. Walitoa madai 21. La kwanza halikuwa mshahara. Lilikuwa haki ya kuwa na sendika huru, isiyo ya chama kinachotawala wala ya mwajiri. Tarehe 31 Agosti serikali ilitia sahihi. Sendika ile ikaitwa Solidarność, yaani mshikamano, na katika muda wa mwaka mmoja hivi ilipata wanachama karibu milioni 10.

Desemba 1981 serikali ilitangaza utawala wa kijeshi na kuwafunga viongozi. Sendika ikaishi kwa siri. Mwaka 1989 ikaruhusiwa tena, na uchaguzi wa Juni 1989 ulifungua mlango wa mwisho wa utawala ule.

Linganisheni hayo na Ujerumani ya Mashariki. Huko palikuwa na shirikisho la sendika lililoitwa FDGB, lenye wanachama zaidi ya milioni 9, yaani karibu kila mfanyakazi. Lilikuwa na hoteli zake za mapumziko. Lilikuwa na chuo chake huko Bernau karibu na Berlin, ambako wanasendika wa Afrika pia walipelekwa kusomeshwa kazi ya sendika. Ukuta wa Berlin ulipofunguliwa Novemba 1989, shirikisho lile kubwa halikuweza kusimama. Septemba 1990 lilivunjwa. Solidarność iliishi miaka kadhaa bila ofisi na bila ruhusa. FDGB yenye kila kitu haikumaliza mwaka mmoja bila serikali yake. Nilipolisoma hilo nilifunga daftari kwanza, nikakaa nikifikiri.

UGONJWA ULIOBAKI

Sasa sikilizeni, maana hadithi haiishii kwenye ushindi. Mtu angetegemea kwamba baada ya 1989 watu wa nchi zile wangekimbilia vyama kwa wingi, kwa kuwa sasa ni huru. Haikuwa hivyo. Mwaka 2003 mtaalamu mmoja wa Marekani, Marc Morjé Howard, alitoa kitabu juu ya udhaifu wa vyama katika nchi hizo. Kwa hesabu zake za miaka ya 1990, mtu wa kawaida wa huko alikuwa katika chama kimoja au hata pungufu, na mtu wa nchi za kale za demokrasia alikuwa katika viwili na zaidi. Alitoa sababu 3.

Sababu ya kwanza ni kwamba watu walilazimishwa mno. Mtu aliyekatwa ada miaka 20 kwa ajili ya chama ambacho hakukitaka, akiambiwa "njoo kwenye chama" anakimbia. Hata chama kikiwa kizuri, yeye anakumbuka kile cha zamani.

Sababu ya pili ni kwamba watu walizoea kusaidiana kwa siri na marafiki na jamaa tu. Ukitaka dawa, viatu au saruji, ulimtafuta unayemjua. Tabia hiyo ilibaki. Mtu anasema: nina watu wangu, chama cha nini?

Sababu ya tatu ni kukata tamaa. Wafanyakazi wa Poland waliigomea serikali, wakaishinda, halafu serikali mpya iliyotoka katika Solidarność yenyewe ikaanza Januari 1990 mpango mkali wa uchumi. Viwanda vingi vikafungwa na watu wengi wakakosa kazi. Hata kile kiwanda cha meli cha Gdańsk kilifilisika mwaka 1996. Mtu aliyelala getini mwa kiwanda akigoma mwaka 1980 alijiuliza amepata nini. Wengi waliiacha sendika, na leo ni sehemu ndogo tu ya wafanyakazi wa Poland walio katika sendika yoyote.

Kuna jambo jingine ambalo somo lile linalitaja, nalo ndilo lililonigusa zaidi. Baada ya 1989 wafadhili wa Marekani na wa Ulaya ya Magharibi walimwaga fedha katika nchi zile. Mashirika yalizaliwa mengi. Mengi yalikuwa na ofisi katika mji mkuu, yana mkurugenzi na kompyuta, yanaandika taarifa kwa lugha ya mfadhili. Wanachama hayakuwa nao. Mwezi Mei 2004 Poland, Hungaria na nchi nyingine 6 zilizotoka katika ukomunisti ziliingia Umoja wa Ulaya. Wafadhili wengi wa Marekani wakaona kazi imekwisha, wakaenda kwingine. Mashirika yasiyo na wanachama yakabaki yakitafuta mfadhili mpya, na mengine yakafunga mlango.

Tena anayelishwa na mgeni ni rahisi kuitwa mtu wa mgeni. Urusi ilitunga sheria mwaka 2012 ya kuyaita mashirika ya namna hiyo "mawakala wa nje". Hungaria ilitunga sheria mwaka 2017 juu ya mashirika yanayopokea fedha za nje, na Mahakama ya Ulaya ikaikataa mwaka 2020. Shirika likishambuliwa hivyo, nani atasimama kulitetea? Wanachama ndio husimama. Kama hawapo, husimama mkurugenzi peke yake.

Nchi nyingine zilijaribu dawa. Hungaria ilitunga sheria mwaka 1996 kwamba kila mlipa kodi anaweza kusema asilimia 1 ya kodi yake ya mapato iende kwa shirika analolichagua. Poland ikafuata mwaka 2004. Hapo mkurugenzi alilazimika kutoka ofisini na kumweleza mwananchi kazi anayoifanya. Ukiitazama sana dawa hiyo, ni ada ya mwanachama iliyopitia mlango mwingine.

JIRANI ZETU WA TANZANIA

Mtu atasema hayo ni ya Wazungu. Basi tuje karibu. Tanzania haikuwa nchi ya kikomunisti, ilikuwa ya ujamaa na chama kimoja, na ndugu zetu wa huko walionja mambo yanayofanana na hayo.

Mwaka 1955 wafanyakazi wa Tanganyika waliunda shirikisho lao, TFL. Makuli wa bandarini, watu wa reli na wakata mkonge waligoma mara nyingi, nao walikuwa bega moja na TANU katika kudai uhuru. Baada ya uhuru wa 1961 ugomvi ukaingia kati ya serikali na sendika. Januari 1964 askari waliasi, na baadaye viongozi wengi wa sendika wakakamatwa. Mwaka ule ule TFL ilivunjwa kwa sheria na ikaundwa sendika moja tu, NUTA, iliyofungamana na TANU. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huo huo Waziri wa Kazi. Fikirini, ndugu: unakwenda kumshitaki Waziri kwa Katibu Mkuu, na wote wawili ni mtu mmoja! Ada ilikatwa kwenye mshahara moja kwa moja.

Haki isemwe: mema yalikuwapo. Mfuko wa akiba ya wafanyakazi, NPF, ulianza mwaka 1964, na kima cha chini cha mshahara kilisimamiwa. Lakini mfanyakazi alizoea kuiona sendika kama ofisi nyingine ya serikali. Mwaka 1971 TANU ilipotoa Mwongozo uliowakataza viongozi kuwa na kiburi na kuwadharau wafanyakazi, watu wa viwandani waliushika wakawapinga mameneja wao. Walifanya hivyo wenyewe, bila kuingoja NUTA. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel huko Dar es Salaam walifika hata kukishika kiwanda. Chama cha Mapinduzi kilipoundwa mwaka 1977, NUTA iligeuzwa kuwa JUWATA, jumuiya ya chama. Ndipo mwaka 1991, ulimwengu ulipokuwa unabadilika, sheria ikaunda OTTU nje ya chama, na sheria ya 1998 iliyoanza kutumika mwaka 2000 ikaruhusu sendika nyingi. Leo wafanyakazi wa mashamba wa Tanzania wana chama chao, TPAWU, na shirikisho lao ni TUCTA.

Ushirika nao ulipata yake. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na KNCU tangu 1933. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vyote vya ushirika, ikavipa mamlaka za mazao kazi ya kununua. Mkulima akaletewa mnunuzi ambaye hakumchagua na ambaye hawezi kumwondoa. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuurudisha ushirika. Kuurudisha kwa sheria kulikuwa rahisi. Kurudisha imani ya mkulima kulichukua muda mrefu zaidi.

Jambo jema ni kwamba mambo hayo yanafundishwa. Chuo cha Ushirika cha Moshi kilifunguliwa mwaka 1963, na tangu 2014 ni chuo kikuu kamili. Hapo kijana wa mkulima anasoma hesabu za ushirika, sheria yake na makosa ya wazee wake. Chuo cha Kivukoni kilianza 1961 kwa ajili ya watu wazima, hata wasiokuwa na elimu ya juu. Na mapema zaidi, mwaka 1958, mashirikisho huru ya sendika za dunia yalifungua chuo cha wanasendika wa Afrika huko Kampala. Elimu ya chama si kitu kigeni kwetu. Tumeiacha tu mikononi mwa wachache.

HAPA KWETU

Rwanda nayo haikuwa ya kikomunisti, wala Zaire ya Mobutu ng'ambo ya mpaka. Lakini wazee wetu wanakumbuka kwamba kwa katiba ya 1978 kila Mnyarwanda alihesabiwa mwanachama wa MRND, atake asitake, hata mtoto mchanga. Goma ilikuwa vile vile na MPR, na huko Mobutu aliunganisha sendika zote kuwa moja mwaka 1967. Kwetu CESTRAR iliundwa mwaka 1985 ndani ya utawala wa chama kimoja. Mwaka 1988 Rwanda ilitia sahihi mikataba miwili ya Shirika la Kazi la Kimataifa, namba 87 ya uhuru wa kuunda sendika na namba 98 ya majadiliano ya pamoja, na hapo nchi ilikuwa bado na sendika moja. Mwaka 1991, vyama vingi viliporuhusiwa, CESTRAR ilijitenga na chama kinachotawala, na baadaye zikaja sendika nyingine.

Kisha yakaja mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Watu waliuawa na majirani zao, na hata waliokuwa kazi moja na chama kimoja. Baada ya hayo, kumwambia mtu "mwamini mwenzako, weka fedha yako pamoja na yake" lilikuwa jambo zito kuliko yote ya Poland. Hata hivyo watu walianza. Januari 1995 wajane 50 walioponea waliunda AVEGA Agahozo. Hawakungoja mradi. Walikuwa na yatima wa kulea na vidonda vya kuuguza, wakakutana. Nikitaka mfano wa chama kinachozaliwa kwa haja ya wenyewe, sina haja ya kwenda Gdańsk.

Leo sheria inatofautisha. Sendika inaandikishwa katika wizara inayohusika na kazi. Ushirika uko chini ya RCA. Mashirika yasiyo ya serikali yanaandikishwa RGB. Sheria ya kazi ya 2018 inampa mfanyakazi haki ya kuunda sendika na kuwachagua wajumbe wa wafanyakazi mahali pa kazi. Mlango uko wazi. Kuingia ni juu yetu.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita tawi nililokuwa nikilisimamia lilipata mradi kutoka kwa shirika moja la nje. Watu wao walikuwa wema na mafunzo yalikuwa mazuri. Kila aliyehudhuria alipewa tike. Mikutano ikajaa mpaka watu wakasimama nje. Nikafurahi, nikaandika taarifa nzuri. Nikaacha kukusanya ada, maana niliona aibu kumdai mtu faranga chache mchana na kumpa nyingi zaidi jioni. Mradi ulikwisha. Mwezi uliofuata niliitisha mkutano wa jambo kubwa: kibarua mmoja ameumia mkono mashineni na anahitaji mtu wa kumfuatilia malipo yake. Waliokuja wangetosha kwenye benchi moja. Sandukuni hamkuwa hata nauli ya kwenda mjini kuonana na mkaguzi wa kazi. Yule kibarua tulimfuatilia kwa kuchangishana mifukoni, na tulichelewa. Kosa halikuwa la shirika lile. Lilikuwa langu, niliyebadilisha wanachama kuwa wageni waalikwa.

JIBU KWA YULE MAMA

Sasa naweza kumjibu. Mama, shirika linalokufundisha lishe bila malipo linafanya kazi njema, na nenda ukajifunze. Lakini lile ni lao. Wao ndio waliochagua kufundisha lishe, wao ndio watakaoamua lini waondoke, na taarifa yao wanampelekea aliyewapa fedha. Siku kapita akikuandikia kilo pungufu, hawatakwenda kwa meneja, maana hawakutumwa na wewe. Sendika inakwenda kwa sababu wewe umeituma, na ada ndiyo barua ya kuituma. Anayelipa ana haki ya kuuliza. Asiyelipa anaomba.

Na wewe nawe una haki ya kutulipisha hesabu. Kila mfanyakazi akutane na chama chochote, chetu kikiwamo, na maswali haya 3:

Nani analipa? Kama zaidi ya nusu ya fedha inatoka nje, ulizeni itakuwaje ikikatika.

Nani anachagua? Kama kiongozi hawezi kuondolewa na wanachama, basi wao ni watazamaji tu.

Je, mtu anaweza kutoka? Kama ada inakatwa bila sahihi yako, hata kama ni kwa ajili ya sendika, ni ugonjwa ule ule wa NUTA na wa FDGB, na siku moja utatuua.

Katika tawi letu tumekubaliana mambo machache. Ada ni ndogo, lakini inalipwa na kila mmoja, na kila mmoja anapewa stakabadhi. Mweka hazina anasoma hesabu mbele ya mkutano kila miezi 3, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Fedha ya mfadhili tutaipokea kwa mafunzo na vitabu tu. Nauli ya kumfuatilia mgonjwa, karatasi ya barua, simu ya wakili, hivyo vitatoka sandukuni mwetu. Na mkutano hauna tike.

Mkutano wa kwanza bila tike walikuja wachache. Wa pili waliongezeka kidogo. Yule mama alikuwapo, amekaa mbele. Alipotoa ada yake aliidai stakabadhi kabla mweka hazina hajashika kalamu, kisha akauliza fedha za mwezi uliopita zimefanya nini. Tulifungua daftari tukamsomea.

Wafanyakazi wenzangu, sendika ni yetu tukiilipia, tukiichagua na tukiisimamia.